Jiwe la Chini ya Mpasuko

Bomba la kuchimbia lilipomponda kifua mchimbaji, nahodha alimfuata kiongozi wa utafiti kwenye maabara ya meli. Majeruhi alikuwa shemeji wa kiongozi huyo, mume wa mdogo wake.

"Mama, tukate bomba turudi bandarini. Muuguzi anasema anavuja damu kwa ndani."

Mwanamke yule aliitazama saa ya ukutani. Tangu ujana wake alikuwa akipatafuta mahali hapa, ambapo zamani bara lilichanika na bahari ndogo ikaingia katikati. Walikuwa wamebakiza kidogo tu kuufikia mwamba ulio chini kabisa ya mpasuko. Bomba likikatwa, shimo limepotea, na hakuna atakayewapa meli tena.

"Nipe saa moja," alisema.

"Ni shemeji yako, mama."

"Ni mtu wa kazi hizi. Hata yeye angesema hivyo hivyo."

Hakuwa na hakika, na hakwenda kumuuliza.

Saa moja ikazaa ya pili. Hatimaye sampuli ikapanda, akalipokea jiwe kwa mikono mitupu. Lilikuwa la kijani kilichokolea, lenye mishipa myeupe, na lilimteleza vidoleni kama kipande cha sabuni. Alilisugua kwa kidole gumba. Ndilo lenyewe.

Nahodha alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sasa kateni bomba," alimwambia bila kugeuka. "Twendeni haraka."

"Tutakata," nahodha alisema. "Lakini haraka haipo tena."