Mpira Mikononi mwa Mghanga

Huu ulikuwa mji wa sita ambao Mghanga aliuchezea mpira wa Kimarekani. Kazi yake ilikuwa kuwazuia wapinzani kwa kifua wasimfikie mrushaji. Mpira wenyewe hakuwahi kuugusa kwenye mechi. Jioni hiyo baada ya mechi, kocha angewataja watakaobaki kikosini, naye hakuwapenda wasiosikia.

Mara mrushaji akaangushwa, mpira ukamponyoka, ukadunda hadi mikononi mwa Mghanga. Wazuiaji hufundishwa kuulalia tu, wapinzani wasiuchukue.

“Ulalie, mzee! Ulalie!” kocha alipiga kelele.

“Na tumbo hilo utakimbilia wapi?” mpinzani mmoja alimcheka.

Mghanga aliutazama mpira. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Akaubana kwapani, akainua goti lake bovu, na mbele yake nyasi zilikuwa tupu hadi mstari wa bao.