Mkono wa Kushoto

Wimbo wa tatu wa dansi ya mazoezi ya asubuhi ulikuwa umekolea uwanjani Guirong alipoanza kuupiga mkono wake wa kushoto, pale penye kiwiko, kofi baada ya kofi, kama wanawake wote wa pale wafanyavyo ili damu ichangamke.

Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na taya lilimuuma.

"Dada, hilo joto la kukoma hedhi!" mwenzake wa mstari wa mbele alimcheka. "Mimi mwaka mzima nililala nimekumbatia feni. Wewe cheza tu, litapita."

"Ukikaa chini, nafasi yako naichukua," akadakia wa nyuma.

Guirong akaendelea kupiga. Ngozi iliiva nyekundu kama pilipili, lakini makofi aliyasikia kwa masikio tu. Mkono wenyewe haukusikia kitu.

Miaka sita alicheza mstari wa mbele, hakukosa hata siku za theluji. Hakuogopa sasa. Aliutazama mkono kama wa mtu mwingine.

Kisha akaiendea spika, akaizima. Wanawake arobaini wakaganda, mikono juu.

"Si joto," akasema. "Ni moyo. Niitieni gari la wagonjwa."