Sukuma Nyembamba kama Uzi

Jumatano, tarehe kumi na moja Machi, saa sita na dakika ishirini mchana, Lindaura aliangusha uma. Olimpio alidhani mkewe anamtania. Alipoinua macho, mdomo wa Lindaura ulikuwa umekwenda upande, na sahani yake bado ilikuwa na nusu ya saladi. Ilikuwa siku ya ishirini na sita tangu arudi kutoka hospitali ya mji mkuu, walikomtia kifaa cha chuma moyoni. Jua halijazama, alikuwa ameshakufa.

Kwenye zahanati ya mji wao, Pedra Mansa, waliandika kwamba moyo ulichoka. Olimpio akauliza ulichokaje, na chuma ni kipya. Wakamwambia aje Jumatatu. Jumatatu wakamwambia aje na barua. Mtu aliyeishia darasa la pili, barua ataandikiwa na nani? Akaandikiwa na padri, ikapokewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Mwishowe Daktari Evandro, mkuu wa afya wa manispaa, alimwita, akamshika bega, akamwambia faili limefungwa, hakuna aliyekosea. Daktari naye alikuwa amepasuliwa moyo mwaka huo huo, ila yeye alilazwa chumba cha kulipia chenye televisheni, akarudi mashavu yameiva.

Mwezi Agosti Olimpio alipanda basi hadi mji wa jirani, akaongea na mama mmoja muuza dawa, akarudi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Watu wakasema basi, wamemshinda.

Novemba zahanati ikapakwa rangi mpya. Rangi wanayo siku zote. Kila nyumba ikaombwa ilete chakula cha sherehe, na Olimpio akasema ataleta saladi ya sukuma wiki.

Nazaré, dada wa marehemu, alimkuta jikoni, majani yamejaa meza.

"Shemeji, huna hata haya? Unawapikia watu waliomzika dada yangu?"

"Sipiki. Saladi haipikwi."

"Basi walambe na viatu, vina vumbi."

Olimpio alitoa mishipa ya kati, akapanga majani kumi kumi, akayakunja kama sigara nene, akayakata membamba kama uzi, jinsi mama yake alivyomfundisha. Akayafikicha kwa chumvi na ndimu hadi yakalegea. Akamenya machungwa, akakaanga kitunguu saumu kikaiva rangi ya asali, akamwagia juu vipande vya ngozi ya nguruwe vilivyokauka hadi vinalia. Harufu ikamshinda hata Nazaré. Akachovya vidole, akaonja, akasema kwa hasira kwamba ni tamu. Olimpio mwenyewe hakuonja. Tangu Machi hakuwa ametia jani la sukuma mdomoni. Mfukoni mwa shati alitia kiboksi cha vidonge vya Lindaura, kile anachotembea nacho siku zote, akabeba bakuli.

Pedra Mansa mtu hakatai chakula cha mwenzake. Akikataa, ataje ugonjwa wake mbele za watu, la sivyo ameitukana nyumba nzima, waliomo na waliokwisha kuzikwa.

Daktari Evandro alipita mezani na kipaza sauti mkononi, akionja na kusifu, sahani baada ya sahani. Mkate wa jibini, mtamu. Maharage, hayana mfano. Alipofika kwa Olimpio akasifu ule ukijani, akapita.

"Hujaonja, daktari," Olimpio alisema.

Daktari akacheka, akasema ameshiba. Olimpio akasogea, akamzibia njia na bakuli lake, akasema yeye hana haraka, mwaka huu wote wamemzoesha kusubiri. Watu wakaacha kutafuna. Na wa kwanza kukasirika alikuwa Nazaré, yule yule wa viatu.

"Umekula kwa kila mtu, ukifika kwa shemeji yangu ndiyo unashiba? Chakula cha nyumba ya dada yangu kina nini, minyoo?"

Daktari akawageukia watu. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni.

"Jamani, msinielewe vibaya. Mimi nina chuma moyoni, nameza kidonge cha kuzuia damu isigande. Majani haya ni adui yake. Ukianza kuyala kwa wingi, kidonge kinakosa nguvu, damu inaganda, unaondoka. Wala si siri. Mgonjwa anaambiwa siku ya kwanza, yeye na anayempikia."

Olimpio akaliweka bakuli mezani taratibu. Akatoa kile kiboksi mfukoni. Kilikuwa kimegongwa muhuri wa zahanati ile ile.

"Kidonge hiki?"

Daktari akakisoma. "Ndicho," alisema, na uwanja mzima ukasikia.

"Saladi hii ndiyo niliyomlisha mke wangu, mchana na jioni, siku ishirini na sita, apate nguvu," Olimpio alisema. "Mimi nani aliniambia?"