Mgeni Mkweli

Nyota moja tena. Wacera aliisoma simu yake akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, kisha akaisoma mara ya pili, kana kwamba hasira ya kwanza haikumtosha.

"Mchuzi unakimbia kuliko vijana wa Iten. Msiende." Aliyeandika maoni hayo mtandaoni alijiita Mgeni Mkweli, na tangu Krismasi hakuwa amekosa wiki hata moja.

Baa yenyewe iliitwa The Plough, ingawa Eldoret nzima iliijua kama Kwa Plau. Wacera aliifungua aliporudi kutoka Uingereza, alikokuwa akiwatunza wazee katika mji mdogo wa soko, na kila siku ya mapumziko akijipumzisha kwenye pub moja, baa ya Kiingereza yenye dari ya chini na moto ukutani. Hapa mtaani Elgon View akajenga vivyo hivyo: mbao nyeusi, viti vya ngozi, meko ya kuotea moto, pai badala ya nyama choma. Watu walikuja kushangaa. Wengine walirudi nyumbani wakaandika.

"Nilitaka nyama choma, nikaletewa nyama imefichwa ndani ya mkate," aliandika mmoja. Mwingine alinuna kwa sababu hakukuwa na televisheni ya mpira. Hao Wacera aliwasamehe, maana hawakujua walichokuwa wakila. Mgeni Mkweli alikuwa anajua, na ndiyo maana alimchoma roho.

Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Diana, mwenye kampuni inayowaleta Waingereza kutazama wanariadha wakijifua huko Iten, alikuwa akitafuta mahali pa kuwalisha wageni wake mwaka mzima. Angetoa jibu Ijumaa. Mwenye jengo naye alishasema bila kuficha: wateja wasipoongezeka, mwisho wa mwezi anafungua duka la mabati hapo.

Unakimbia kuliko vijana wa Iten. Maneno hayo aliyasikia wapi?

Alikumbuka, na damu ikamchemka. Ni jana tu, mbele ya ukumbi mzima, Mzee Kipyego alipaza sauti kutoka kiti chake cha kando ya meko: "Mama, hii gravy inakimbia kuliko vijana wa Iten!"

Mzee Kipyego alikuwa mwalimu mstaafu. Ujanani alisomea Uingereza, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Kila mchana alikuwa na lake. Supu ilikuwa ya kuoshea miguu. Moto ulitoa moshi kuliko joto. Viazi vilikatwa na mtu aliyegombana na mkewe. Akishamaliza kusema, alipangusa sahani kwa mkate mpaka ikang'aa, na kesho yake akawa wa kwanza mlangoni.

Wacera alishindwa kumwelewa. Watu wa huku hawamwambii mwenye nyumba kwamba chakula chake kibaya. Mgeni husema asante, nimeshiba, hata kama tonge limemkwama kooni. Mzee mzima, mwalimu, akose adabu ndogo kama hiyo?

Ijumaa ilipofika, Eddah, rafiki yake wa tangu shule, alikuwa amerudi tena, na wenzake wawili, kwenye meza iliyopakana na meko.

"Wacera!" Mzee Kipyego akaita, akidonoa pai yake ya nyama kwa uma. "Hii imelowa maji. Kule Uingereza, mpishi angeomba msamaha kwa redio."

Eddah akamvuta Wacera mkono. "Yetu ya uyoga iko sawa kabisa, my dear." Akamtupia mzee jicho, akanong'ona, "Lakini unajua, kikulacho ki nguoni mwako."

Wacera akalitupa taulo lake mezani.

"Mzee, toka."

"Si nimalize pai kwanza?"

"Nimesema utoke! Umenimaliza na mdomo, umenimaliza na simu. Usiwahi kanyaga hapa tena."

Mzee alichukua kofia yake, akakirudisha kiti taratibu mahali pake, akatoka. Kusema kweli, Wacera alijisikia vizuri. Aliyapata aliyoyatafuta, yule!

Wakati wa kuondoka, Eddah alimkumbatia. "Umefanya poa. Na chakula kilikuwa kitamu sana, kama siku zote."

Sahani zao hazijafika kwenye sinki, simu ikalia. Nyota moja. Mgeni Mkweli. "Pai ya uyoga baridi kama asubuhi ya Julai. Na leo wamefukuza mzee wa watu sisi tukila."

Siku hiyo pai ya uyoga ilikuwa imetoka jikoni kwenda meza moja tu.

Wacera alikimbia hadi mlangoni kumrudisha mzee. Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa gari moja lililokuwa likiegeshwa. Diana alishuka akitabasamu.

"Mama, kazi ni yako. Wageni wa kwanza wanafika Jumatatu."

"Na zile nyota?" Wacera aliuliza.

"Hizo tuliachana nazo. Kuna mzee ametusumbua kwa ofisi kila wiki mpaka tukakubali." Diana alimpita, akachungulia ndani, akitafuta kando ya meko. "Wageni wote wamesikia habari zake, wanataka kumwona. Anasema umejenga pub ya Kiingereza kamili kabisa, ila ilikosa kitu kimoja: mzee wa kukaa karibu na moto akilalamika. Basi akaamua kujitolea."