Kichuguu Ndani ya Moyo wa Shaame

Siku hizi mgonjwa huuguzwa nyumbani, na damu yake huonyeshwa ukutani ili jamaa waitazame kwa zamu. Kwetu, moyo wa mume wangu Shaame unapiga kwenye ukuta wa sebule, juu ya kabati la vyombo, mkubwa kama sinia ya pilau.

Kwa miezi sasa bakteria wameng'ang'ania kwenye vali, mlango wa damu wa moyo huo. Chembe nyeupe za damu, askari wake, huwaendea makundi kwa makundi. Wakifika hujipasua, wakatandaza nyuzi za matumbo yao kama nyavu ili wawanase maadui, kisha hufa papo hapo. Ujasiri wa namna ile sijawahi kuuona. Mavyaa wangu, mama yake Shaame, husimama kabisa kuwashangilia: "Hongereni, wanangu!"

Juu ya vali pakaota kichuguu. Kilipozidi kukua tulishangilia, tukijua ni ngome ya askari wetu. Mavyaa akapika biriani, majirani wakaja kukitazama.

Leo daktari amekuja, akautazama ukuta, akakiweka chini kikombe cha chai, akanigeukia.

"Bi Mwanakombo, ile ngome ni ya bakteria. Wamejificha ndani ya maiti za askari wenu, dawa haiwafikii. Itabidi tupasue tuitoe."

Mavyaa akaziba mdomo kwa kanga. Shaame akauliza kutoka kitandani, "Na askari wenyewe hawajui?"

"Hawajui."

Pale ukutani walikuwa wanapanda juu ya wenzao, wanajipasua.

"Rudini!" nikapiga kelele.

Moyo wa Shaame ukapiga, ukawaleta wengine.