Mji wa Sikudhani

Sikudhani alikuwa akilifunga sanduku lake kwa kamba. Mchana ule darasa zima la chuo cha ualimu lilimcheka alipojaribu kufundisha, na kesho alikuwa anarudi kwao, basi.

"Kitendawili!" akasema Perpetua, mwenzake wa bweni.

"Tega."

"Bibi yangu mweupe, kila akisema anapungua."

Sikudhani akafikiri, wapi! "Sijui, shoga."

"Nipe mji."

"Haya, chukua kwetu."

Wasichana wengine wa bweni wakapiga makofi.

"Lo! Kwenu ni kwangu sasa," akasema Perpetua. "Kesho utarudi wapi wewe? Ngoja nikupe jibu."

"Usinipe!"

Sikudhani akaiacha kamba, akaketi juu ya sanduku, akavitazama vidole vyake, ambavyo tangu mchana vilikuwa vyeupe kwa chaki.