Karatasi Juu ya Lebo

Maji yalipoanza kudondoka darini asubuhi ile, Barrie Entwistle aliokoa santuri zake kwanza. Alizifunika kwa blanketi, na blanketi lenyewe alilivua kutoka juu ya mkewe Glenys aliyekuwa bado amelala kitandani.

Paa la nyumba yao pale Bolton lilikuwa likivuja mwaka wa tatu sasa. Glenys aliomba litengenezwe, Barrie akaapa hana hata pauni. Nyuma ya spika alikuwa na kopo la chai lenye pauni elfu nne, lakini hizo kwake hazikuwa pesa. Zilikuwa za santuri ya Lorenzo Tibbs.

Tibbs aliimba wimbo mmoja wa muziki wa soul mwaka 1966, ndani ya gereji huko Detroit, kisha akarudi kuendesha basi. Nakala za santuri yake hazikuzidi tano. Barrie aliwahi kuwa nayo moja. Enzi zake za u-DJ alifanya kama sisi ma-DJ sote: alibandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kuandika jina la uongo, ili wapinzani wakichungulia watoke kapa. Majina ya kweli aliyaandika kwenye daftari jeusi, na daftari akalificha. Alilificha vizuri mno, hata yeye mwenyewe hakuliona tena.

Basi akabaki na santuri elfu nne zenye majina ya uongo aliyoyatunga kwa mkono wake, na hakukumbuka hata moja. Alijaribu kuzisikiliza zote. Alipofika ya mia mbili akachoka. Kuzibandua karatasi kungechana lebo. Ikawa rahisi zaidi kusema kwamba Trevor Clegg, DJ mwenzake, ndiye aliyeiiba ile ya Tibbs, na alilisema hilo kwa miaka arobaini.

Jumapili iliyokuwa ikija ilikuwa dansi ya mchana ya mwisho. Klabu waliyokuwa wakipigia santuri ilikuwa imeuzwa. Barrie alitaka kitu kimoja tu duniani: kuupiga wimbo ule mbele ya Trevor kabla mmoja wao hajazikwa.

Jumatatu ikaja barua iliyopigwa chapa, haina jina, ina sanduku la posta tu. Barrie aliisoma kwa sauti mezani. "Nina santuri ya Lorenzo Tibbs. Ni ya mume wangu, lakini yeye hana habari nayo tena. Pauni elfu nne."

Bei ilikuwa sawasawa na kilichokuwamo kwenye kopo, mpaka noti ya mwisho. Barrie akauona mkono wa Mungu.

"Maskini mjane," alisema. "Marehemu amekaa na lulu ndani ya nyumba, hajui. Mtu mjinga namna hiyo, mke anamvumilia vipi?"

"Mazoea," alisema Glenys, akimmiminia chai.

Alizituma pesa zote siku ile ile, na santuri ikafika Alhamisi. Lebo ilikuwa safi, ila imejikunja kidogo pembeni kana kwamba iliwahi kupata unyevu. Barrie alisema marehemu naye lazima alikuwa na paa bovu. Aliinusa, akaibusu, kisha akakata karatasi nyeupe, akaibandika juu ya lebo na kutunga jina jipya la uongo. Mazoea yana tabu.

Jumapili watu wazima wenye magoti mabovu walimwaga poda sakafuni ili viatu viteleze, wakacheza kama vijana. Barrie alipoweka sindano kwenye santuri ya Tibbs, Trevor alisimama kando ya spika, machozi yanamtoka. Wimbo ulipokwisha alimfuata Barrie.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mjane mmoja."

"Kwa hiyo sikuiiba."

"Hii ni nyingine, Trevor. Ile uliiba."

Barrie hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na aliona haya kidogo kwamba furaha yenyewe ni ndogo hivyo.

Kesho yake mchana alikuta mafundi wawili juu ya paa. Glenys alimwambia kuwa dada yake Pauline amemsaidia, na akamwomba asimshukuru, kwa sababu Pauline ni mtu wa aibu. Barrie aliguswa sana. Alikiri kwamba jiko nalo limechakaa, akasikitika kwamba hana hata pauni. Kisha akapanda ghorofani, akalipangusa kopo la chai na kutia ndani noti ya kwanza.

Chini jikoni Glenys aliweka birika motoni. Maji yalipochemka, aliishika santuri nyingine juu ya mvuke mpaka karatasi nyeupe ikaanza kulegea, na kwa mkono wa pili akafungua daftari jeusi, ukurasa uliofuata.